Joy Adamson: Aliyechora nyuso za Kenya kabla ya kumlea simba

Ukitaka hati ya kuvukia mpaka hapa Malaba au kule Busia, kitu cha kwanza kuulizwa ni picha. Unakaa kwenye kiti cha plastiki, nyuma yako kitambaa cheupe, kijana wa studio anakuambia uinue kidevu kidogo, na baada ya dakika chache unatoka na uso wako mara nne kwenye karatasi moja. Hakuna anayeuliza shanga ulizovaa zilitoka wapi. Afisa anataka uso tu, ulingane na jina na namba.

Miaka zaidi ya 70 iliyopita kulikuwa na mwanamke mmoja aliyeifanya kazi hiyo kinyume kabisa. Alimweka mtu kwenye kiti au kigoda, akamtazama kwa saa nyingi, akachora kila ushanga, kila unyoya na kila kovu la chale. Majina na namba havikuwa shughuli yake kubwa. Serikali ya kikoloni ya Kenya ilimlipa kuzunguka nchi nzima akichora watu, na alipomaliza alikuwa ameacha picha zaidi ya 500. Wengi wenu mnamjua kwa jambo jingine: ndiye Joy Adamson, yule wa simba Elsa. Habari za simba zimeandikwa mpaka zimechosha. Leo nataka tuzungumze habari za nyuso.

Alizaliwa tarehe 20 Januari 1910, akapewa jina Friederike Victoria Gessner. Mji wake uliitwa Troppau, katika jimbo la Silesia, chini ya mfalme wa Austria na Hungary. Ulikuwa mji wa mpakani kama huu wetu, ng'ambo yake Wajerumani. Alipokuwa na miaka minane, vita vikuu vya kwanza vilikwisha, ufalme ule ukavunjika, na watu wa Troppau wakajikuta ni raia wa nchi mpya iliyoitwa Czechoslovakia bila kuhama hata hatua moja. Mwaka 1938 Ujerumani ya Hitler ikaunyakua mji huo. Baada ya vita vya pili ukarudi Czechoslovakia, na wenyeji waliosema Kijerumani, watu wa aina yake, wakafukuzwa. Leo unaitwa Opava, uko katika Jamhuri ya Czech, na mpaka wa Poland uko karibu.

Mtu wa Malaba haelezwi jambo hilo mara mbili. Hapa kwetu nako mpaka ndio uliohama. Mwanzoni Uganda ilienea mashariki hadi upande wa Naivasha. Mwaka 1902 Waingereza waliukata mkoa huo wa mashariki wakautia katika himaya iliyokuja kuwa Kenya. Wateso na Wasamia wakaamka wakiwa na serikali mbili, shangazi upande huu na mpwa upande ule.

Basi huyo binti alikulia katika familia yenye uwezo. Ukoo wa mama yake ulikuwa na biashara ya karatasi. Lakini wazazi wake waliachana alipokuwa bado mdogo, akalelewa zaidi na bibi yake. Alisoma muziki Vienna akitaka kuwa mpiga piano, akajaribu ushonaji, akajaribu uchongaji. Hakuna alichokishika hadi mwisho. Mwaka 1935 aliolewa na tajiri mmoja wa Austria, Viktor von Klarvill, mtu wa asili ya Kiyahudi. Mume aliona mawingu ya Hitler yanakaribia, akaamua watafute nchi ya kuhamia, na mwaka 1937 akamtuma mkewe atangulie Kenya kuiangalia.

Mke hakurudi kuwa wake. Melini alikutana na Mswisi mmoja, Peter Bally, mtaalamu wa mimea. Mwaka 1938 walioana. Bally ndiye aliyemwita Joy, na jina hilo likamshika maisha yote. Ndiye pia aliyemtia brashi mkononi. Alikuwa akifanya kazi katika makumbusho ya Coryndon, ambayo leo ndiyo Makumbusho ya Taifa ya Nairobi, na katika safari zake za kukusanya mimea mkewe akaanza kuchora maua. Ua likichumwa hunyauka, lakini mchoro hukaa. Alichora mamia ya mimea ya Afrika Mashariki, na michoro yake ikapamba vitabu vya bustani na maua ya porini vilivyosomwa na walowezi. Mwaka 1947 chama cha kilimo cha bustani cha Uingereza kilimpa medali ya dhahabu ya Grenfell kwa kazi hiyo.

Hapo ndipo alipojifunza adabu ya kazi yake. Mchoraji wa mimea haruhusiwi kubuni: jani lenye meno saba lazima litoke na meno saba. Alipogeukia watu alikuja na macho yaleyale. Ndiyo sababu picha zake zinaaminika, na ndiyo sababu nyingine zimekaa baridi kidogo, kana kwamba mzee wa watu ni ua lililobandikwa kwenye karatasi.

Kufikia wakati huo ndoa ya Bally ilikuwa imekwisha. Mwaka 1944 aliolewa na George Adamson, bwana nyama wa mkoa wa mpaka wa kaskazini, makao yake Isiolo. Huyo ndiye mume wa tatu na wa mwisho. Maisha yakawa ya lori, hema na ngamia, kwenye nchi ya Waborana, Warendille, Wasamburu na Waturkana. Joy akaanza kuchora watu aliokutana nao njiani.

Mwisho wa miaka ya 1940 serikali ilimpa kazi rasmi: achore watu wa makabila 22 ya Kenya wakiwa wamevaa mavazi na mapambo yao ya asili, kwa kuwa vitu hivyo vilikuwa vikitoweka haraka. Kazi ilichukua miaka kama sita. Alizunguka kutoka Turkana hadi pwani kwa Wamijikenda, akapita kwa Wamaasai, Wakikuyu, Wameru, Wakamba, Wajaluo na Waluhya, akisaidiwa na maafisa wa wilaya. Alipita ile hesabu ya 22 kwa mbali, maana kila alipofika aliambiwa kwamba jirani wa hawa wana mtindo wao mwingine.

Simama mbele ya picha moja uone. Nyuma ya mtu hakuna nyumba, hakuna mti, hakuna ng'ombe. Kuna karatasi tupu tu, kama kile kitambaa cheupe cha studio. Mbele kuna mtu mmoja, mara nyingi hadi kiunoni, na rangi za maji zimefuata kila kitu kilicho mwilini mwake: ngozi ya mbega, manyoya ya mbuni, waya wa shaba uliozungushwa mkononi, simbi zilizoshonwa kwenye ngozi, na shanga, shanga, shanga.

Nawaomba wachuuzi wenzangu wasimame hapo kwenye shanga. (Nasema wenzangu kwa sababu kabla ya kalamu niliuza mitumba miaka mitatu, na hasara niliyopata hainifanyi kuwa mtu mwingine.) Serikali iliziita nguo za asili, lakini ukizitazama kwa jicho la soko utaona hati ya forodha. Simbi ni za Bahari ya Hindi, zilipanda bara mgongoni mwa wapagazi. Waya wa shaba ulikuja na misafara ya Waswahili na Waarabu, ileile iliyofika hadi Mumias kwa Nabongo, safari fupi tu kutoka hapa tuliposimama, kununua pembe za ndovu. Shanga za kioo zilitoka Venice, na nyingi sana zikatoka Bohemia, kwenye mji wa Jablonec ambako hutengenezwa mpaka leo. Bohemia ni sehemu ya nchi ileile ya Czech ulipo mji aliozaliwa Joy. Mwanamke huyu alisafiri mpaka Kenya kuchora mapambo ya asili ya Mwafrika, na sehemu ya mapambo hayo ilikuwa imetoka kwao, ikamtangulia kwa miaka mingi, ikibebwa na wafanyabiashara.

Hilo haliyafanyi kuwa ya uongo. Kitenge nacho kina historia yake ya ng'ambo, na bado ni chetu. Mama wa Kimaasai aliyezipanga shanga hizo kwa rangi alizozitaka alizifanya kuwa zake, na mtu wa Jablonec asingeweza kuzisoma. Ninachosema ni kwamba watu waliochorwa hawakuwa wamekaa porini wakisubiri kugunduliwa. Walikuwa wanunuzi wenye kuchagua, na msafara uliokuja na rangi isiyo ya msimu ulirudi na mzigo wake.

Picha hazionyeshi upande huo. Katika miaka ileile ya 1950 aliyekaa mbele ya Joy na manyoya kichwani huenda nyumbani alikuwa na suruali fupi na baiskeli. Reli ya kupita Malaba na Tororo ilikuwa imefika Kampala tangu 1931. Akina mama wa upande wa Uganda walikuwa ndani ya gomesi. Watu walikuwa wakiuza pamba, mahindi na kuku, wakipanda gari moshi, wakipeleka watoto shule za misheni. Mchoraji aliagizwa kuyaacha hayo yote nje ya karatasi, naye aliyaacha.

Tena ukumbuke ni serikali ya namna gani iliyoagiza. Kwa karibu miaka 30 ilikuwa imemlazimisha mwanamume Mwafrika kuvaa kipande shingoni ndani ya kijaluba cha chuma, chenye jina lake, kabila lake na alama za vidole vyake. Kipande kile cha shingoni kilikuwa kimeondolewa muda mfupi tu kabla Joy hajaanza kazi yake. Oktoba 1952, brashi ikiwa bado kazini, serikali hiyohiyo ilitangaza hali ya hatari, na maelfu ya Wakikuyu wakatiwa kambini. Mkono mmoja unahifadhi vazi la mzee, mkono wa pili unamfunga kijana wake. Joy mwenyewe hakuwa mtu wa siasa, na sidhani alijiuliza sana. Lakini hesabu ya makabila 22, kila moja na ukurasa wake, ndiyo hesabu ambayo serikali ile ilitawala nayo.

Na hesabu hiyo ilikomea mpakani. Kazi ilikuwa ya makabila ya Kenya. Brashi ikifika Malaba hugeuka kurudi. Msamia wa upande wa Kenya alikuwa ndani ya mkataba, nduguye wa upande wa pili hakuwemo, ingawa ngoma yao ni moja na mahari hulipwa kwa kuvusha ng'ombe. Mbukusu na Mgisu hutahiri vijana katika mwaka uleule wenye namba shufwa, ila mmoja ni wa Kenya na mwingine wa Uganda, basi.

Ng'ambo huko Uganda kulikuwa na mwanamke mwingine Mzungu aliyeishika sanaa kwa upande wa pili, na siwezi kumwacha. Margaret Trowell, Mwingereza, mke wa daktari, alianza mwaka 1937 kufundisha kuchora Makerere. Darasa lake la mwanzo lilikuwa barazani kwake. Joy aliwachora Waafrika, Trowell aliwapa Waafrika brashi na patasi. Mmoja wa wanafunzi wake wa kwanza alikuwa kijana aliyetoka pande za Mumias, Gregory Maloba, aliyevuka mpaka kwenda kusoma. Akawa mchongaji, kisha mwalimu wa Makerere. Mnara wa uhuru uliosimama Kampala tangu 1962, ule wa mama aliyeinua mtoto juu, ni kazi yake. Mluhya wa Kenya ndiye aliyewachongea Waganda uhuru wao. Kila mfanyabiashara anayekwenda Kampala kufuata mzigo ameupita, na sijui wangapi wanalijua jina la fundi.

Nakiri kwamba nikiwalinganisha wanawake hao wawili moyo wangu huenda kwa Trowell. Hata hivyo lazima niwe mwadilifu kwa Joy. Picha nyingi zake hutajwa kwa kabila na hadhi: mzee wa fulani, mwanamwali wa fulani, shujaa wa fulani. Jina la mchoraji ndilo linalojulikana dunia nzima. Hilo ni deni. Lakini uso uko pale. Alikuwa na kipawa cha kuuheshimu uso hata kama agizo lilikuwa vazi. Yapo macho ya wazee katika michoro ile ambayo hayamwombi mtu kitu. Wanaelekea kumpima mchoraji kama vile mama wa sokoni anavyompima mteja anayeshika nyanya bila kununua. Hakuna aliyeagiza hilo. Alilichora kwa sababu aliliona.

Kisha akaja simba, na picha zikasahauliwa. Februari 1956 George alimpiga risasi simba jike aliyemrukia, akakuta ameacha watoto watatu. Wawili walipelekwa hifadhi ya wanyama ya Rotterdam, mmoja akabaki, akaitwa Elsa. Akina Adamson walimlea, kisha wakamfundisha kuwinda na kumrudisha porini. Kitabu cha Joy, Born Free, kilitoka mwaka 1960 na kuuzwa mamilioni. Elsa alikufa Januari 1961. Filamu ilikuja 1966. Fedha nyingi Joy hakuzila, alizielekeza kwenye mfuko wa kuhifadhi wanyama. Mwaka 1967 alitoa kitabu cha picha zake za watu wa Kenya. Kilinunuliwa, lakini si kama cha simba. Dunia ilikuwa imechagua ni Mkenya yupi inataka kumjua kwa jina, naye alikuwa na miguu minne.

Uzeeni alikaa Naivasha, kwenye nyumba ya kando ya ziwa aliyoiita Elsamere, ambayo leo iko wazi kwa wageni. Baadaye alikwenda Shaba, karibu na Isiolo, kumlea chui. Hakuwa mtu rahisi. Walioishi naye walimjua kwa hasira za haraka, na wafanyakazi hawakudumu. Tarehe 3 Januari 1980 alikutwa amekufa karibu na kambi yake. Habari ya kwanza iliyozunguka dunia ilisema ameuawa na simba, na watu waliiamini kwa sababu ilifanana na kitabu chake. Uchunguzi ulionyesha kuwa ni mkono wa mtu. Kijana wa Kiturkana aliyekuwa mfanyakazi wake, na ambaye alikuwa ameachishwa kazi, alihukumiwa mwaka uliofuata. Hakunyongwa kwa kuwa umri wake ulikuwa mdogo, akafungwa. Waturkana walikuwa miongoni mwa watu aliowachora. Majivu yake yalipelekwa mbuga ya Meru, kwenye kaburi la Elsa. Mumewe George, waliyekuwa wakiishi mbalimbali kwa miaka, aliuawa na majambazi Kora mwaka 1989.

Sehemu kubwa ya picha ziko Makumbusho ya Taifa, Nairobi, na nyingine zilitundikwa Ikulu. Kutoka kituo cha mabasi ya usiku ya Malaba hadi makumbusho ni mwendo mfupi wa matatu, na mzigo wa River Road unaweza kusubiri saa mbili. Mchukue mama mkwe, au mzee yeyote aliyewahi kuona shanga za zamani zikivaliwa. Waacheni wazee wasimame mbele ya picha za watu wa magharibi. Kibao kitataja kabila. Lakini huenda akatokea mmoja atakayesogea karibu, atazame pua na kipaji cha uso, aulize huyu si wa ukoo wa fulani, wale waliobaki upande wa Tororo.